Hakuna Mgeni Rasmi

Alhamisi nafunga kazi saa kumi na moja,
nasukuma baiskeli za watu hadi ukutani,
zile mbili za Shekiondo, asizozilipia tangu Mfungo Mosi,
nazigeuza magurudumu juu, zikae kama wasikilizaji wakaidi.
Nafagia vipande vya tyubu, natandika jamvi penye madoa ya grisi.
Viti ni kumi na kimoja. Cha kumi na mbili kina miguu mitatu;
nakikalia mimi, mwenyeji. Tumezoeana.

Wapita njia wa Barabara ya Kumi na Tatu huuliza:
kuna hitima? Kuna mchango wa harusi?
Nasema kuna mashairi.
Wanasema aa,
wanaendelea na safari.

Hapa hakuna mgeni rasmi. Hakuna meza yenye kitambaa na maua ya plastiki,
wala mtu wa kusema "nichukue fursa hii".
Anayetaka kusoma anasoma, anayetaka kuuliza anakatiza,
na mwenye kitabu alichojichapia hukiweka juu ya boksi la spoku,
bei akaitaja kwa aibu, kama anayekopa.

Namuuliza Mwanamkasi, ambaye hadithi zake amezibana kwa pini za steshenari:
kwa nini wanaume wako wote hufa ukurasa wa tisa?
Anacheka. "Karatasi," anasema.
"Ningekuwa na rimu nzima wangezeeka."

Hiyo ndiyo kazi yangu. Kuandika sijui.
Najua kuuliza, kisha kunyamaza,
kama unavyozamisha tyubu kwenye beseni la maji
ukangoja kiputo kikuonyeshe tundu lilipo.

Juma lile msomaji wetu alikuwa njiani kutoka Korogwe; basi likafia Hale.
Alipiga simu mara mbili, ya tatu alibipu tu.
Tukabaki na kiti chake na chai ya tangawizi inayopoa.
Ndipo Semkiwa, karani wa mizani ya malori kule Pongwe,
aliyekuja Alhamisi tisa bila kufungua mdomo,
akatoa daftari lenye nembo ya kiwanda:

*Mkonge umenilea, kwa miba na kwa kamba,*
*Baba alinipokea, mikono yenye magamba,*
*Leo nimemrejea, sina jembe sina shamba,*

"Imepungua."

Sauti ya mlangoni. Bi Mwanakheri wa vitumbua,
beseni kiunoni, amekuja kudai elfu tatu na mia tano.
Nilimwona akikunja vidole, nikadhani anahesabu deni letu.

"Mstari wa kwanza. Huku nane, kule saba.
Hiyo *na* yako nyembamba. Weka *pia*."

Semkiwa, anayepima malori ya tani thelathini,
akahesabu kwa vidole mara moja, akarudia.
*Kwa miba pia kwa kamba.*
Mwanamkasi akajipiga goti.
Nami nikafungua mdomo, swali likanipotea. Mwenyeji mzima!

"Umejifunzia wapi?" nikapata kusema.
"Kujifunza nini? Kwetu Tongoni mama alikuwa akigomba kwa vina.
Usipohesabu, hujui kofi litafika lini."

Akataka pesa zake. Nikampa. Akazihesabu pia.
Nikamsogezea kile kiti cha yule wa Korogwe.
"Vitumbua vyangu vinapoa," akasema,
na akakaa, beseni mapajani, nusu ya kukaa,
kama mtu kwenye benchi la zahanati.

"Haya. Kituo chake?"

Semkiwa akageuza ukurasa. Ulikuwa mtupu.
"Kituo bado."

"Basi tungoje," akasema Bi Mwanakheri,
akafunua kawa.